Mke wangu UTI haiishi, mimi sina dalili hata moja. Kwa nini na mimi nimeandikiwa dawa?

#1 Dereva wa Sakina
Wakuu salaam. Mke wangu anatibiwa UTI tangu mwaka jana. Kila akienda zahanati anapima mkojo, anaambiwa UTI, anachomwa powercef (sindano ya seftriaksoni) siku 5, anapata nafuu. Baada ya wiki chache tumbo la chini linaanza tena, mkojo unachoma na uchafu unamtoka. Juzi tukabadilisha hospitali, hapa hapa Arusha mjini. Daktari aliyemwona hakukimbilia mkojo. Alimuuliza maswali, akampima ndani, akampa dawa, mwisho akasema mume naye aje.

Nimekwenda. Sitoki usaha, siwashwi, siumwi popote. Bado nimeandikiwa sindano moja na doksi (vidonge vya doksisaiklini) za siku 7. Sijachoma wala sijameza, ziko kabatini.

Naomba kueleweshwa. UTI inaambukizwa? Kama siyo UTI, ni nini? Na kama ni ugonjwa wa zinaa, nani kaingiza ndani? Nyumbani kwa sasa tunaongea habari za shule ya mtoto tu, mengine kimya.

#2 Chalii wa Mbauda
Mzee mbona jibu liko wazi. Mkiambiwa mtibiwe wawili, kuna wa tatu. Anza na simu yake, au yeye aanze na yako.

#3 Mama Neema
@Chalii wa Mbauda wewe hujaoa, nina uhakika. Mwenzio amekuja anaumia, unamtuma akapekue simu. Kaka Dereva, usimsikilize. Subiri wenye fani.

#4 Darubini
Niko maabara, Moshi. Nieleze kinachotokea mkeo akishapeleka kile kikopo, maana hapo ndipo mengi yanaharibikia.

Mkojo unazungushwa kwenye mashine, mashapo ya chini yanawekwa kwenye kioo, tunachungulia. Tukiona seli za usaha nyingi tunaziandika. Basi. Seli za usaha zinasema mwili unapambana na kitu mahali fulani kwenye njia, hazisemi ni kitu gani. Bakteria wa klamidia, ugonjwa wa zinaa, anaishi ndani ya seli za mwili, kwa darubini ya kawaida haonekani, na ukiotesha mkojo kwenye sahani zetu za kawaida haoti. Kwa hiyo mwenye klamidia anaweza kuwa na usaha kwenye mkojo, ukiotesha usipate kitu, na cheti kikasema UTI.

Halafu sampuli yenyewe. Kwa UTI tunataka mkojo wa katikati: ujisafishe, uanze kukojoa chooni, ndipo ukinge. Kwa klamidia na kisonono ni kinyume, mashine inataka ule wa mwanzo kabisa, na kwa mwanamke afadhali zaidi kijiti cha ukeni. Mgonjwa anapewa kikopo, anaonyeshwa mlango wa choo, hakuna anayemwambia lolote. Mama mwenye uchafu ukeni akikinga wa mwanzo, uchafu wote unaingia kikoponi, na sisi huku tunahesabu usaha ambao haukutoka kwenye kibofu.

#5 Kahawa ya Kibosho
Mnazunguka sana. UTI ya wanawake wengi ni choo. Ukikaa nyumba ya kupanga, wapangaji wengi, choo kimoja, lazima uugue. Dada yangu alihama Pasua kwenda kwenye nyumba yenye choo cha ndani, UTI ikakoma.

#6 Nesi wa Rau
Wanangu, nimestaafu lakini kazi hii nimeifanya miaka mingi, wodi na kliniki ya mama na mtoto. Niseme mawili.

La kwanza, Kahawa, choo hakileti hayo. UTI ya kweli kwa sehemu kubwa inaletwa na bakteria wa utumbo wa mtu mwenyewe, E. koli, anayesafiri kutoka nyuma kuja mbele. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, hana safari ndefu. Ndiyo maana tunawafundisha mabinti kujipangusa kuelekea nyuma. Karibu nusu ya wanawake wataipata walau mara moja maishani, na wengine hawajawahi kumjua mwanamume. Dada yako akihamia kwenye choo cha ndani haogopi tena kwenda usiku, anakojoa kila akijisikia. Kubana mkojo kunasumbua kibofu.

La pili, Dereva, zingatia hiyo powercef. Inaua kisonono na inaua bakteria wengi wa UTI. Klamidia haiui. Trikomona, kijidudu kingine cha zinaa, haimgusi kabisa, huyo anataka metronidazo. Kwa hiyo mtu mwenye vitu viwili kwa pamoja akichomwa powercef, kimoja kinakufa, anapata nafuu, kingine kinaendelea polepole. Hiyo nafuu ya wiki chache unayoisema nimeiona kwa wengi.

#7 Chalii wa Mbauda
Shikamoo mama. Sawa, tuseme ni klamidia. Si ya zinaa hiyo? Tumerudi pale pale kwa mtu wa tatu.

#8 Nesi wa Rau
Marahaba mwanangu. Ni ya zinaa, sikatai. Lakini kipimo hakina tarehe. Wanawake wengi wenye klamidia hawana dalili, na wanaume kama nusu yao hawana. Inaweza kukaa mwilini miezi, hata zaidi ya mwaka, mtu anakula, anafanya kazi, hajui. Trikomona kwa mwanamume mara nyingi hana hata muwasho. Kaswende ndiyo usiseme, kidonda cha mwanzo hakiumi, kinapona chenyewe, ugonjwa unabaki kwenye damu miaka. Ukimkuta mtu nayo leo huwezi kusema aliipata lini.

#9 Dereva wa Sakina
Ahsante mama. Ndoa yetu ina miaka 6. Zaidi ya mwaka nakuelewa, lakini miaka 6?

#10 Msomali wa Levolosi
Hapo ndipo penyewe. Dokta yeyote hapa aseme ukweli, klamidia inakaa miaka 6?

#11 Darubini
Kwa watu wengi haikai hivyo, wengine mwili unaifukuza wenyewe baada ya miezi. Lakini kumbukeni hakuna aliyepima klamidia hapa. Daktari ametibu kwa dalili. Huo ni utaratibu wa nchi nzima: mgonjwa akija na uchafu na maumivu ya tumbo la chini, anatibiwa magonjwa yote yanayoweza kuleta hali hiyo kwa pamoja, na mwenzi wake anaitwa, bila kusubiri mashine. Kuna mashine ya GeneXpert, ile ya kifua kikuu, inaweza kupima klamidia na kisonono kwa muda usiozidi saa 2, ila kasha lake ni la aina nyingine na lina bei. Sehemu nyingi halipo. Kwa hiyo Dereva, hujaambiwa una klamidia. Umeambiwa mnatibiwa kana kwamba ipo.

#12 Mama Neema
Hii naomba isomwe na kila mwanaume humu. Kutibiwa si kuhukumiwa.

#13 Ndama wa Shinyanga
Nachangia kutoka upande mwingine kabisa. Mimi ni mtu wa Shinyanga, nimehamia Arusha kikazi, naishi Kwa Mrombo. Mke wangu tulitoka naye kule. Alisumbuka hivyo hivyo: tumbo la chini, uchafu, damu kidogo baada ya tendo, UTI kila mara. Tukaonwa wote wawili kama wazinzi. Mwisho daktari mmoja akamuuliza swali moja tu: utotoni ulichota maji wapi? Kwenye lambo. Akaagiza mkojo upimwe kichocho, na akasisitiza uchukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, maana mayai yanatoka zaidi mchana. Yalikutwa. Minyoo ile inaishi mwilini miaka, mayai yananasa kwenye shingo ya kizazi, na dalili zinafanana na za zinaa. Dawa ni prazikwanteli.

Dereva, mkeo kakulia wapi?

#14 Dereva wa Sakina
Kakulia Usa River. Sidhani kama ni kichocho, lakini nitauliza.

#15 Mto Themi
Kama kakulia Usa River basi ni maji. Maji ya huku chini ya Meru yanajulikana, yana madini. Angalieni meno ya watu wa Maji ya Chai na Ngarenanyuki. Kitu kinachochoma jino hadi likawa kahawia kitashindwa nini kwenye kibofu?

#16 Darubini
@Mto Themi hayo madini ni floraidi, na kweli maji ya maeneo hayo yana floraidi nyingi kupita kiwango. Inaharibu meno ya mtoto yakiwa bado yanakua, na ikizidi miaka mingi inaharibu mifupa. Haileti usaha kwenye mkojo.

#17 Kahawa ya Kibosho
Watu wa Chuga mmeanza kusingizia Meru. Njooni Moshi mnywe maji ya Kilimanjaro.

#18 Chalii wa Mbauda
Moshi mnaongea nini, mji mzima saa 2 usiku umelala. Ndiyo maana hamna hayo magonjwa, mnayapata Desemba tu wakija watu kutoka Dar.

#19 Kahawa ya Kibosho
Hahaha. Desemba tunapanda mlimani na familia zetu, wewe baki Mbauda na pikipiki.

#20 Nesi wa Rau
Mnatania, lakini Januari kliniki ilikuwa inajaa kweli.

#21 Kitalu B
Nipo Mererani. Huku wana-Apolo (wachimbaji wa tanzanite) ukikojoa usaha huendi hospitali, unakwenda duka la dawa. Unamwambia muuzaji "nipe ile ya kuchoma", anakuchoma moja, anakupa sipro za siku 3, unashuka shimoni. Usaha ukikauka siku ya pili, vidonge vilivyobaki unampa mwenzako naye anayekojoa moto. Nina rafiki ameishia kukojoa kwa tabu, mkojo unatoka uzi. Anakojoa amesimama, mkono ukutani, dakika nzima, jasho linamtoka. Hospitali wamemwambia njia imeziba kwa makovu, anapanuliwa kwa vyuma. Ana umri wa miaka 30 na kidogo.

#22 Darubini
Huo ndio usugu wenyewe unavyozaliwa. Kisonono cha siku hizi kwa sehemu kubwa hakisikii tena sipro. Imeshafika mahali tunategemea hizo sindano za kundi la powercef, na kwenyewe nchi nyingine zimeanza kuripoti kisonono kinachozishinda. Wakati huku kwetu mtu akikohoa anachomwa powercef, akiumwa tumbo powercef, UTI powercef.

#23 Msomali wa Levolosi
Nakubaliana, na hapa mimi naona tatizo si mke wala mume. UTI na taifodi zimekuwa biashara. Ingia zahanati za binafsi ukiwa mzima kabisa, toka bila kuambiwa una UTI na taifodi, nitakupa hela. Mke wa Dereva pengine hakuwa na UTI hata siku moja.

#24 Daktari wa Zamu
Nimepita, niongeze kidogo. Kauli ya @Msomali wa Levolosi ina ukweli wake lakini isiwe jibu la kila kitu. Kuna UTI za kweli zinazorudi, na moja ya sababu ni bakteria aliyekwisha kuwa sugu kwa dawa aliyopewa. Hapo kinachotakiwa ni kuotesha mkojo, uonekane ni bakteria gani na dawa ipi inamuua. Inachukua siku 2 hadi 3, watu hawasubiri. Mama anayerudiwa mara kwa mara apimwe na sukari pia, kisukari kinaleta UTI na fangasi zisizoisha.

Kwa mwanamume ni tofauti. Kijana au mtu wa makamo asiye na ugonjwa wa tezi dume wala mawe, UTI kwake ni nadra. Mwanamume wa miaka 25 akija na mkojo unaochoma, nafikiria kisonono na klamidia kwanza. Ukiona vijana wa kiume wanaambiana "nina UTI", mara nyingi wamechagua jina lisilo na aibu.

Kuhusu mke wa Dereva, maumivu ya tumbo la chini yanayorudi pamoja na uchafu yasichukuliwe kirahisi. Hiyo inaweza kuwa maambukizi ya nyonga, vijidudu vimepanda kutoka shingo ya kizazi hadi kwenye mirija. Yakijirudia, mirija inaweza kuziba. Kuna mimba ya pili inatafutwa?

#25 Dereva wa Sakina
Ndiyo dokta. Tunaitafuta muda sasa, haijaja. Sikuandika mwanzo kwa sababu sikujua vinahusiana.

#26 Mama Neema
Pole kaka. Pole sana kwa mkeo. Huyo mama amebeba lawama za kutozaa na za ugonjwa kwa pamoja, na humu wa kwanza kujibu kamtuhumu.

#27 Chalii wa Mbauda
Nimesikia dada. Lakini na mimi niulize, mwanaume akilala na wasiwasi afanye nini? Anywe dawa anyamaze?

#28 Dada wa Kijenge
Niseme kitu ambacho wanaume hamkijui. Kuna wanawake wanajisafisha ndani. Sabuni, maji ya ndimu, shabu, unga wanaonunua sokoni ili "wabane". Mimi mwenyewe niliuziwa na shoga yangu. Mwanamke ana bakteria wazuri ukeni wanaotunza ule uchachu, ukiwaua wanaingia wengine, unatoka uchafu mwembamba wenye harufu ya samaki, hasa baada ya tendo. Nilitibiwa UTI kwa hicho kitu. Daktari wa kike ndiye aliyeniambia acha kila unachoingiza huko, akanipa metronidazo, yakaisha. Hapo hakuna mzinzi, kuna ndimu.

#29 Daktari wa Zamu
@Dada wa Kijenge uko sahihi, na kwa muda mrefu tulifundishwa kwamba hali hiyo haihitaji kumtibu mume. Mwaka 2025 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya kutibu wenzi wa kiume, vidonge pamoja na dawa ya kupaka uumeni, kwa wanawake wenye mwenzi mmoja wa kudumu. Mume alipotibiwa, tatizo lilirudi kwa 35% ya wanawake. Asipotibiwa lilirudi kwa 63%. Kwa hiyo kuna hali ambayo mume anatibiwa, na hakuna aliyetoka nje ya ndoa.

#30 Msomali wa Levolosi
Kwa hiyo sasa tuna klamidia, trikomona, kichocho, zahanati zenye tamaa, usugu, kisukari na ndimu. Dereva wa watu kaja na swali moja.

#31 Nesi wa Rau
Ndivyo ugonjwa ulivyo, mwanangu. Zamani hapa Moshi watu walificha zaidi ya hapa. Mwanaume akiumwa alikuwa anasema "nina kiuno". Hospitalini KCMC tangu miaka ya 80 kukawa na chuo cha magonjwa ya ngozi na zinaa, wakawa wanafundisha maofisa kutoka nchi nyingi za Afrika. Hao ndio waliotufundisha kumwita mume bila kumfedhehesha mke.

#32 Mlima wa Pili
Shikamoo mama Nesi, nakusahihisha kidogo kwa heshima. KCMC yenyewe ni ya mwaka 1971, lakini kile chuo cha kanda cha ngozi kilianza 1992. Nilifanya kazi jirani nacho.

#33 Nesi wa Rau
Marahaba. 1992, ni kweli. Ahsante.

#34 Kahawa ya Kibosho
Na chanjo ya mabinti ya saratani ya shingo ya kizazi, ile iliyoanza 2018, nayo ni ya haya magonjwa?

#35 Mlima wa Pili
Kitaifa ni 2018, ila Kilimanjaro tulitangulia, ilijaribiwa huku kuanzia 2014. Inazuia aina hatari za kirusi cha HPV kinachopita kwa ngono. Tangu 2024 ni dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kirusi hicho nacho hakina tiba ya kidonge, masundosundo (vinyama vya sehemu za siri) yanayoletwa na aina zake nyingine yanachomwa yanarudi. Mpelekeni mtoto wa kike akachanjwe.

#36 Mpita Njia wa Himo
Naomba kuuliza nje ya mada kidogo. Nilitibiwa kaswende, nikachomwa penadur, nikamaliza. Juzi nimeenda kuchangia damu, kipimo kimesoma tena kaswende. Sijalala na mtu mwingine. Ina maana dawa haikufanya kazi?

#37 Darubini
Hapana, si lazima. Kile kipimo cha haraka cha kijikaratasi kinatafuta kinga ya mwili dhidi ya kaswende, na kinga hiyo kwa watu wengi haiondoki maisha yote hata ukipona. Omba kipimo cha VDRL au RPR, kile kinachotoa namba. Namba ikiwa imeshuka ukilinganisha na ya mwanzo, umepona. Ikiwa imepanda mara 4, hapo tuongee. Tunza vyeti vyako vya zamani, usivitupe.

#38 Chalii wa Mbauda
Hiyo penadur usiombe. Unga unachanganywa na maji unakuwa mzito kama mtindi, nesi anatingisha chupa huku anakuangalia, sindano nene, nusu tako la kulia, nusu la kushoto. Nilishuka daladala nimesimama.

#39 Mama Neema
Kumbe Chalii unaijua penadur! Na ulikuwa wa kwanza kumtuma mwenzio akapekue simu.

#40 Chalii wa Mbauda
Dada nimenyamaza. Nilichomwa, nilipona, na yule niliyekuwa naye alichomwa pia.

#41 Nesi wa Rau
Na usiku wake ulitetemeka homa, sivyo? Ile homa ya siku ya kwanza ni vijidudu vinavyokufa kwa wingi, watu wanadhani wamepewa dawa mbaya hawarudi. Kwa aliyekaa na ugonjwa muda mrefu, zaidi ya mwaka au hajui lini, ni sindano 3, moja kila wiki. Wengi wanachoma ya kwanza wanapotea.

#42 Babu wa Machame
Mnasahau mitishamba. Kuna mizizi huku mlimani inasafisha kibofu na damu. Wamasai wa soko la Kilombero wanayo pia.

#43 Msomali wa Levolosi
Mzee shikamoo. Mwaka 2011 nchi nzima ilipanga foleni Loliondo kwa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500. Majirani zangu waliacha dawa zao za virusi. Baadhi tuliwazika. Mitishamba inywe, lakini doksi isiachwe.

#44 Babu wa Machame
Marahaba. Sijasema waache dawa ya hospitali.

#45 Daktari wa Zamu
Hilo la virusi naomba tulishike kidogo. Dereva na mkeo, pimeni na VVU na kaswende siku hiyo hiyo, vyote viwili ni tone la damu. Penye kidonda au uvimbe wa zinaa, virusi vinaingia kirahisi. Mwanza walilionyesha hilo mapema: kati ya 1991 na 1994 vituo vilivyoboresha tiba ya magonjwa ya zinaa vilipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban 40%. Asiyetaka foleni, tangu mabadiliko ya sheria ya 2019 mtu anaruhusiwa kujipima mwenyewe.

#46 Mlima wa Pili
Dokta, uongeze na Rakai, Uganda. Wao waliwatibu watu wote kwa pamoja, wagonjwa na wazima, kila baada ya miezi kama 10, na maambukizi ya VVU hayakupungua. Tafiti hizo mbili zimebishaniwa miaka yote hii.

#47 Daktari wa Zamu
Ni kweli. Wapo wanaosema Mwanza janga la VVU lilikuwa bado changa na Rakai lilishakomaa, wapo wanaosema tofauti ni kutibu wenye dalili kila siku badala ya kupita mara moja moja. Kwa mgonjwa aliye mbele yangu haibadilishi kitu, namtibu yeye na mwenzi wake.

#48 Dereva wa Sakina
Nimerudi wakuu. Nimekaa na mke wangu, tumesoma uzi huu pamoja, yeye kashika simu. Alilia pale kwa Mama Neema. Kaniambia jambo ambalo sikulijua: kabla hatujaoana aliwahi kutibiwa uchafu, akamaliza dawa, aliyekuwa naye hakutibiwa. Na mimi nimemweleza ya kwangu ya kabla ya ndoa, yapo. Kichocho hakumbuki kucheza kwenye lambo ila Mto Usa walikuwa wanaoga. Ndimu hatumii.

Nimechoma sindano leo. Doksi naanza jioni. Yeye dozi yake ni ndefu, siku 14. Mkojo wa kuotesha wamechukua, wa katikati, nimemsisitizia nesi. VVU na kaswende tumepima, hatuna.

#49 Msomali wa Levolosi
Safi. Mimi bado naamini zile UTI za mwanzo zilikuwa za kwenye karatasi.

#50 Ndama wa Shinyanga
Na mimi bado nasema kichocho, mto ni mto. Apimwe tu.

#51 Darubini
Mto unaokwenda kasi na baridi una wachache wa wale konokono wanaobeba kichocho, lakini kupima hakuna hasara.

#52 Nesi wa Rau
Baba Neema wa watu... samahani, Dereva. Msikutane kimwili mpaka wote mmalize dozi, na wewe siku 7 zako zikiisha msubiri yeye. Mkishindwa, kondomu. Akibaki na maumivu wiki ya pili arudi kwa yule yule daktari, asianze upya kwingine. Na aombe ultrasaundi ya nyonga, na baadaye kipimo cha mirija.

#53 Mama Neema
Mama Nesi umeniozesha mume mwingine humu!

#54 Chalii wa Mbauda
Dereva, doksi usimeze ukaenda kulala hapo hapo. Mimi ilinikwama kooni, nikachomeka kifua hadi nikadhani ni moyo. Meza na glasi nzima ya maji, ukae au utembee kwanza.

#55 Daktari wa Zamu
Chalii kasema sawa kabisa, kidonge kinaunguza koo kikikwama. Ukiwa barabarani mchana vaa kofia na mikono mirefu pia, jua linaunguza ngozi mtu akiwa kwenye doksi. Na usimeze pamoja na maziwa.

#56 Dereva wa Sakina
Jioni huwa nakunywa mtindi. Nao?

#57 Daktari wa Zamu
Nao pia. Acha saa 2 kati ya mtindi na dawa.